Kweli au Si Kweli: Je, Rangi Yako Inafunika Ukuta?

Anayejenga nyumba hufika kwenye rangi mfuko ukiwa umekauka. Tofali, bati, nyaya na vigae vimeshakula akiba, na sasa anataka kumaliza ahamie. Hapo ndipo maneno ya dukani humwingia kirahisi: hii ni nzito, hii ni ya koti moja, hii ongeza maji tu utatoboa nyumba nzima. Karibu yote yanahusu jambo moja, yaani uwezo wa rangi kufunika kilicho chini yake: madoa ya moshi, viraka vya plasta, rangi ya zamani iliyochakaa.

Uwezo huo hautegemei bahati wala siri ya fundi. Unatokana na jinsi mwanga unavyosafiri ndani ya utando mwembamba wa rangi, na una vipimo vyake vinavyoandikwa kwa tarakimu. Tarakimu hizo nazo zina masharti, na asiyeyajua huuziwa mbuzi kwenye gunia. Yafuatayo ni madai 12 yanayosikika sana, na hukumu ya kila moja.

Dai la 1: Rangi nyeupe hufunika kwa sababu ni nyeupe
SI KWELI.

Weupe ni matokeo. Kinachofunika ni kutawanywa kwa mwanga. Mwanga unapoingia kwenye utando wa rangi hukutana na chembe ndogo, hupindishwa, hukutana na nyingine, hupindishwa tena, mpaka unarudi machoni petu kabla ya kuufikia ukuta. Usipoufikia ukuta na kurudi, huwezi kuuona ukuta.

Nguvu ya kupindisha hutegemea tofauti kati ya chembe na gundi inayoizunguka. Wanafizikia hukipa kila kitu namba kulingana na kinavyopinda mwanga: hewa ni 1.0, maji 1.33, gundi nyingi za rangi karibu 1.5, chaki karibu 1.6, zinki oksaidi karibu 2.0, na titani dioksaidi ya aina ya rutile karibu 2.7. Chaki ni nyeupe pe ikiwa unga mkavu, lakini ichanganye na mafuta ya rangi uone: weupe unafifia na kubaki kitu kama ukungu, kwa sababu 1.6 na 1.5 zimekaribiana mno. Titani dioksaidi ndani ya gundi ileile inabaki na pengo kubwa, na ndiyo maana yenyewe hubeba sehemu kubwa ya kazi katika kopo la rangi nyeupe.

Chanzo cha unga huo si kigeni kwetu. Mchanga wa Kwale, katika pwani ya Kenya, ulichimbwa kwa ajili ya madini ya ilmenite, rutile na zirkoni. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2014 kupitia Likoni, na uchimbaji ulikoma mwishoni mwa 2024. Ilmenite ni mchanga mweusi. Hupitia viwanda vya kemikali hadi kuwa unga mweupe wenye chembe za ukubwa wa takriban maikromita 0.2 hadi 0.25, karibu nusu ya urefu wa wimbi la mwanga tunaouona. Ukubwa huo huchaguliwa kwa makusudi, maana chembe kubwa zaidi au ndogo zaidi hutawanya mwanga kwa udhaifu. Kazi yote hiyo hufanya titani dioksaidi iwe miongoni mwa viungo vya gharama kubwa katika rangi, na ndicho kiungo ambacho mtengenezaji asiye mwaminifu hukipunguza kwanza.

Dai la 2: Rangi mbichi ikionyesha ukuta, basi ni mbovu
SI KWELI.

Aliyewahi kupaka chokaa anajua. Chokaa mbichi ukutani inaonekana kama maji machafu, na asiye mzoefu hudhani hajapaka kitu. Ikikauka, ukuta unageuka mweupe. Kuta za Lamu na za mji wa kale wa Unguja zimepakwa hivyo kwa karne nyingi, kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe.

Sababu ni zile namba. Chokaa ikiwa mbichi, nafasi kati ya chembe zake zimejaa maji, 1.33, na tofauti na chembe ni ndogo. Maji yakiondoka, hewa yenye 1.0 inachukua nafasi, tofauti inapanuka, na mwanga unaanza kutawanyika. Kwa sababu hiyohiyo ukuta wa chokaa hupoteza weupe mvua ikiunyeshea na kurudi mweupe jua likiwaka.

Rangi ya maji isiyong'aa hufanya vivyo hivyo kwa kiasi fulani: hufunika zaidi ikikauka. Rangi inayong'aa inaweza kwenda kinyume, kwani maji yakitoka chembe za titani husongamana ndani ya gundi na kupoteza sehemu ya nguvu yake. Kwa hiyo hukumu yoyote inayotolewa brashi ikiwa bado mkononi ni ya haraka mno. Iache ikauke kabisa ndipo useme.

Dai la 3: Rangi nzito ndiyo inayofunika
SI KWELI.

Muuzaji hufungua ndoo, huchovya kijiti, na rangi hukishikilia kama uji wa mgonjwa aliyepata nafuu. Mnunuzi huridhika. Lakini uzito huo mara nyingi hutoka kwa vikolezi vinavyotokana na selulosi, ambavyo kiasi chake kidogo tu hutosha kuifanya ndoo nzima ya maji ishikamane. Vikolezi vina kazi ya halali: huzuia rangi isichuruzike ukutani na chembe zisitulie chini ya kopo. Havitawanyi mwanga hata kidogo.

Wengine hupima kwa kuinua kopo. Hapa kuna chembe ya ukweli, kwa kuwa ujazo uleule wa titani dioksaidi una uzito wa karibu mara 4.2 ya maji. Chaki nayo ina uzito wa mara 2.7, na ni rahisi mno kuliko titani. Mtengenezaji akitaka kopo zito atajaza chaki. Mkono wako hauwezi kutofautisha.

Dai la 4: Titani ikiwa maradufu, ufunikaji nao unakuwa maradufu
SI KWELI.

Mwanzoni kila gramu inayoongezwa huleta faida. Baadaye chembe zinaanza kukaribiana mno na kuingiliana katika kutawanya mwanga, hivyo kila moja hufanya kazi pungufu ya ile ambayo ingeifanya ikiwa na nafasi yake. Hasara huanza kuonekana wazi titani inapokaribia moja ya tano ya ujazo wa utando mkavu, na huendelea kukua.

Ndiyo maana mkemia mzuri wa rangi hashindani kumwaga unga. Anahangaika na mtawanyo: chembe zisishikane mafungu, kila moja izungukwe na gundi, na katikati yake ziwekwe chembe laini za madini ya bei nafuu ili kuzitenganisha. Rangi mbili zenye titani sawa zinaweza kufunika tofauti kabisa kwa sababu moja ilisagwa na kuchanganywa vizuri na nyingine ikaharakishwa.

Dai la 5: Rangi inayofunika sana ndiyo itakayodumu
SI KWELI, na imani hii huwagharimu watu wengi.

Ipo njia ya kufanya rangi ifunike bila titani nyingi: punguza gundi, ongeza chaki. Gundi isipotosha kuzijaza nafasi zote kati ya chembe, hewa hubaki ndani ya utando mkavu. Hewa ni 1.0 na chaki ni 1.6, kwa hiyo ile chaki iliyokuwa haina nguvu ndani ya gundi sasa inatawanya mwanga kama chokaa. Ukuta unatoka mweupe, bei ni ndogo, kila mtu anafurahi.

Kisha mtoto anaweka mkono wenye mafuta ukutani. Unapitisha kitambaa chenye maji na vitu viwili vinatokea: maji yanaingia kwenye zile nafasi za hewa na doa la zamani linachungulia, halafu rangi yenyewe inabaki kwenye kitambaa kama vumbi. Gundi iliyopunguzwa ndiyo ilikuwa inashikilia kila kitu. Kwa dari, ambayo haiguswi, rangi ya namna hiyo inaweza kukubalika. Kwa korido, jiko au chumba cha watoto haifai.

Hewa ikitumiwa kwa ustadi ni jambo lingine. Kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani ilitengeneza chembe za plastiki zenye uwazi ndani na kuzipa jina la Ropaque. Chembe hizo huwa zimejaa maji ndani ya kopo. Rangi ikikauka maji hutoka na hewa hufungiwa ndani, ikizungukwa na ganda. Utando unabaki na gundi yake, na hewa inafanya kazi ya kutawanya mwanga bila kuacha matundu ya kunyonya uchafu.

Dai la 6: Tone la rangi nyeusi huifanya nyeupe ifunike zaidi
KWELI.

Linashangaza, lakini ni sahihi. Mwanga huzuiwa kwa njia mbili: kutawanywa au kunyonywa. Masizi laini yanayotumika kama rangi nyeusi hunyonya mwanga kwa nguvu kubwa, na kiasi kidogo mno kikiingia kwenye rangi nyeupe huzuia mwanga mwingi usifike ukutani na kurudi.

Gharama yake ni mng'ao wa weupe. Ukuta unakuwa na kijivu kidogo ambacho jicho linaweza lisikitambue mpaka uweke karatasi nyeupe kando yake. Ndiyo sababu kipimo cha kufunika husomwa pamoja na kipimo cha weupe. Anayekuonyesha kimoja na kuficha kingine hajakuambia habari yote.

Dai la 7: Rangi zilizokolea hufunika kuliko nyeupe
NUSU KWELI.

Nyeusi, kahawia ya udongo, kijani kizito na buluu iliyokolea hufunika vizuri, nyingi kwa makoti machache. Tatizo liko kwa nyekundu kali na njano kali. Nyingi za kisasa hutengenezwa kwa viini vya kemia ya kaboni, vyenye rangi ya kupendeza lakini visivyotawanya mwanga kwa nguvu, na mtengenezaji hawezi kumwaga titani humo kwa wingi kwa sababu nyekundu itageuka waridi na njano itapauka. Ndiyo maana fundi anaweza kupiga makoti matatu au manne ya nyekundu na mistari ya rola bado ikaonekana.

Dawa ni koti la msingi lililotiwa rangi: kijivu cha kadiri chini ya nyekundu, au msingi uliokaribiana na rangi ya mwisho. Linafunika ukuta kwanza, kisha nyekundu inabaki na kazi moja tu, kupendeza.

Wazee wa kazi hukumbuka njano za zamani zilizofunika kwa koti moja na kusema rangi za leo zimeharibiwa. Njano nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kwa kromati ya risasi. Kwa nyeupe pia, risasi nyeupe ilitumika kwa karne nyingi, ingawa namba yake ya kupinda mwanga, karibu 2.0, iko chini sana ya titani. Madhara ya risasi kwa ubongo wa mtoto ni mabaya na hayarekebishiki. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kudhibiti risasi nyeupe katika upakaji rangi mwaka 1921, na sheria ya mfano ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa inataka risasi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni katika rangi kavu. Ufunikaji wowote unaonunuliwa kwa risasi ni wa bei isiyolipika.

Dai la 8: Kuongeza maji hakupunguzi kitu, maji yatakauka tu
SI KWELI.

Maji yatakauka, naam. Swali ni kiasi gani cha rangi kimebaki kwenye kila mita ya ukuta. Tuchukue rangi ambayo kila lita yake huacha mililita 400 za utando mkavu. Ikienea mita 10 za mraba, unene wake mbichi ni maikromita 100, na ikikauka hubaki 40. Sasa fundi anaongeza nusu lita ya maji na kupaka kwa unene uleule mbichi. Rangi inatanda mita 15, lakini unene mkavu umeshuka hadi maikromita 27 hivi. Theluthi ya chembe zilizopaswa kulinda kila mita imepotea, na mwenye nyumba anaambiwa rangi ni mbovu.

Mtu atasema: basi nitaimwaga yote lita moja na nusu juu ya zile mita 10. Kwa hesabu ni sawa. Ukutani rangi nyepesi haikubali kukaa nene kiasi hicho, hutiririka, hukusanyika chini na kuacha juu pembamba.

Watengenezaji wengi huruhusu maji kidogo, hasa kwa koti la kwanza kwenye plasta mpya inayonyonya. Kiasi huandikwa kwenye kopo. Kikomo ni hicho, bila kujali ndoo imebaki kiasi gani na kuta zimebaki ngapi.

Dai la 9: Koti moja nene ni sawa na mawili membamba
SI KWELI.

Brashi na rola haziachi utando tambarare. Zinaacha matuta na mifereji. Kwenye mfereji rangi ni nyembamba na ukuta unachungulia. Kwenye tuta rangi ni nene kuliko inavyohitajika, na unene wa ziada hauongezi kitu kinachoonekana. Tuta haliwezi kulipa deni la mfereji. Kwa hiyo utando wenye matuta hufunika pungufu ya utando sawasawa uliotumia kiasi kilekile cha rangi.

Koti la pili halifuati mifereji ya kwanza. Linaangukia juu yake bila mpangilio na kujaza sehemu nyingi dhaifu. Pia koti nene mno huchuruzika, hukauka juu likiwa bichi chini, na linaweza kupasuka. Maneno "koti moja" kwenye kopo yanaweza kuwa ya kweli pale rangi mpya inapofanana na ya zamani na kopo likatumika kwa eneo lililoandikwa. Kutoka buluu nzito kwenda maziwa, panga angalau mawili.

Dai la 10: Jicho la fundi mzoefu linatosha
SI KWELI.

Jicho la fundi ni la thamani kwa mengi, lakini hubadilika na mwanga wa dirisha, mng'ao wa rangi, uchovu na hata matarajio. Watu wawili hawakubaliani, na mtu mmoja hakubaliani na nafsi yake ya asubuhi. Ndiyo maana kipimo kilitafutwa.

Mwanafizikia A. H. Pfund wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alibuni kifaa kinachoitwa kriptomita. Ni bamba la kioo lenye sehemu nyeusi na sehemu nyeupe, na juu yake kioo kingine kilichoinuliwa kidogo upande mmoja. Rangi mbichi katikati yao hufanya kabari: nyembamba huku, nene kule. Unasogeza kioo cha juu mpaka mpaka wa weusi na weupe unapotea machoni, kisha unasoma unene wa mahali hapo. Ni chepesi na cha haraka, ila hupima rangi mbichi, na tumeshaona katika dai la 2 jinsi rangi inavyoweza kubadilika ikikauka.

Maabara za leo hutumia kadi maalumu, nusu nyeusi na nusu nyeupe. Rangi huvutwa juu yake kwa chombo cha chuma chenye mwanya uliopimwa, ili unene uwe mmoja pande zote. Huachwa ikauke kwa saa 24 au zaidi katika joto la nyuzi 23 na unyevu wa hewa wa asilimia 50. Kisha kifaa hupima mwanga unaorudishwa kutoka kila upande. Ukirudi 84 juu ya weusi na 88 juu ya weupe, unagawanya 84 kwa 88 na kupata asilimia 95.5. Kama weusi na weupe wa kadi umefunikwa kabisa, pande zote zitarudisha sawa na jibu litakuwa 100. Kwa makubaliano ya wataalamu, 98 huhesabiwa kuwa ufunikaji kamili kwa matumizi ya kawaida, kwani tofauti iliyobaki jicho huipata kwa shida.

Mwaka 1931 Paul Kubelka na Franz Munk walichapisha nadharia iliyoendeleza kazi hii zaidi. Walionyesha kwamba utando unaweza kuelezwa kwa namba mbili: unavyonyonya mwanga na unavyoutawanya. Ukizipata kutoka kwa utando mmoja wenye unene unaojulikana, unaweza kukokotoa unene unaohitajika kufikia 98 bila kupaka kadi kumi za kubahatisha. Nadharia hiyo ndiyo msingi wa kulinganisha rangi kiwandani hadi leo, na ndiyo iko nyuma ya mashine nyingi za dukani zinazochanganya rangi kufuata kipande ulichokuja nacho.

Dai la 11: Asilimia 98 ni asilimia 98, popote ilipoandikwa
SI KWELI, na ndiyo hoja kubwa kuliko zote.

Rangi yoyote yenye chembe za kutosha kufunika, hata dhaifu, ukiipaka nene vya kutosha itafika 98. Namba ya ufunikaji isiyoambatana na eneo ambalo lita moja ilipakwa haina maana. Viwango vya kimataifa vinajua hilo. Kiwango cha Ulaya cha rangi za maji za ndani, EN 13300, kina madaraja manne ya ufunikaji: la kwanza ni 99.5 na kuendelea, la pili kuanzia 98, la tatu kuanzia 95, na la nne ni chini ya 95. Kila daraja lazima litajwe pamoja na mita za mraba kwa lita zilizotumika kulipima.

Chukua mfano wa kubuni. Rangi ya kwanza inafika 98 ikipakwa mita 10 kwa lita. Ya pili inafika 98 ikipakwa mita 5 kwa lita, na bei yake ni theluthi mbili ya ile ya kwanza. Kwa kopo, ya pili ni nafuu. Kwa ukuta, utahitaji lita mara mbili, kwa hiyo utalipa mara moja na theluthi ya gharama ya ile ya kwanza, na bado hujamlipa fundi kwa makoti ya ziada. Bei ya kweli ya rangi ni bei ya mita moja ya mraba iliyofunikwa. Bei ya ndoo haikwambii hilo.

Dai la 12: Mnunuzi wa kawaida hana namna ya kupima
SI KWELI.

Huhitaji maabara kulinganisha rangi mbili. Chapisha karatasi yenye milia mipana myeusi na myeupe, uilaze mezani na uifunike kwa plastiki angavu na ngumu. Bandika utepe wa umeme, tabaka sawa, kushoto na kulia kama reli mbili. Mwaga rangi kidogo kati ya reli, kisha ivute kwa rula iliyonyooka ikiegemea juu ya tepe. Fanya vivyo hivyo kwa rangi ya pili kwenye plastiki nyingine, kwa tepe zilezile. Unene sasa unakaribia kuwa sawa, na mashindano ni ya haki.

Ziache siku nzima zikauke. Zitazame pamoja kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya duka. Ile ambayo milia inaonekana kidogo zaidi ndiyo inayofunika. Kisha dondosha tone la maji juu ya kila moja na usubiri dakika chache. Milia ikijitokeza pale penye tone, ufunikaji wake unategemea hewa iliyobaki mahali pa gundi, kama tulivyoeleza katika dai la 5. Sugua pale kwa kitambaa. Kikitoka na vumbi jeupe, jibu umelipata.

Kazi ikianza, hesabu makopo. Kuta zenye mita za mraba 40, kwa rangi inayotanda mita 10 kwa lita, zinataka lita 4 kwa kila koti. Fundi akimaliza koti kwa lita 2, ama ameongeza maji ama ameivuta rangi mpaka ikawa nusu ya unene. Muulize kwa heshima, na umwulize kabla ya koti la pili.

Dukani uliza maswali mawili: rangi hii inafunika asilimia ngapi, na kwa mita ngapi kwa lita? Muuzaji asipojua, mwombe karatasi ya maelezo ya kiufundi kutoka kwa mtengenezaji. Viwanda vyenye maabara vina namba hizo kwa kuwa bila hizo havingeweza kulinganisha ndoo ya leo na ya mwezi uliopita. Zinastahili kuchapishwa kwenye kopo, kwa Kiswahili, kando ya bei, na mamlaka zetu za viwango zina uwezo wa kulitaka hilo. Familia iliyojinyima miaka kadhaa ili ipate kuta zake ina haki ya kujua kwa tarakimu inachonunua, kabla fundi hajafungua kopo la kwanza.